Kupiga Picha za Magofu Majira ya Baridi: Mwongozo wa Ukuta wa Hadrian, Kaskazini mwa Uingereza

Ukuta wa Hadrian ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya kaisari wa Roma ambaye hadi leo unaitwa kwa jina lake, ukakatisha kisiwa cha Britania kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi kwa umbali wa takriban kilomita 117. Watalii wengi huufikia Julai na Agosti, nyasi zikiwa ndefu na jua likiwa juu, na picha wanazorudi nazo hufanana: mstari wa mawe ya kijivu katikati ya kijani kibichi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu atakayefika huko kati ya Desemba na Februari, pengine mwanafunzi anayesoma Newcastle au Durham, pengine mgeni aliyekuja kuwatembelea jamaa zake, ambaye anataka picha zitakazoonyesha gofu lenyewe, yaani jinsi lilivyojengwa na kwa nini liliwekwa pale lilipo. Kwa kazi hiyo naamini hakuna majira yanayoyashinda ya baridi. Nyasi zimelala, miti imepukutisha majani, na jua hupita chini kiasi kwamba kila jiwe na kila tuta lina kivuli chake.

Hatua ya kwanza: lifahamu jua kabla ya kuchagua siku

Eneo hili liko kwenye nyuzi 55 Kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa tisa na nusu alasiri, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 12 hivi juu ya upeo. Mtu aliyezoea kupiga picha Kilwa Kisiwani au Gede, ambako saa za mchana jua husimama karibu na utosi na kuufanya ukuta uonekane bapa, atalazimika kubadili mazoea yake yote. Hapa mtu mwenye urefu wa mita 1.7 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 8 saa sita mchana. Maana yake ni kwamba huna haja ya kukwepa mchana. Ilimradi mbingu iko wazi, mwanga wa pembeni utakuwa nawe kutwa nzima.

Jambo la pili ni upande. Katika majira haya jua huchomoza kusini-mashariki na kuzama kusini-magharibi, na halifiki kaskazini kabisa. Sehemu ya katikati ya ukuta huelekea mashariki na magharibi juu ya ukingo wa miamba myeusi ya Whin Sill, kwa hiyo uso wa kusini wa ukuta hupata mwanga, ilhali uso wa kaskazini na genge lililo chini yake hubaki kivulini tangu asubuhi hadi jioni. Ukitaka kuonyesha mawe, viungo vyake na alama za patasi, simama upande wa kusini na uhakikishe kwamba jua liko ubavuni mwako, si mgongoni, maana jua la mgongoni hufuta vivuli vinavyoonyesha umbo la jiwe. Ukitaka kuonyesha jinsi Warumi walivyolitumia genge kama ngao dhidi ya kaskazini, shuka chini upande wa kaskazini, ukubali kwamba utapata umbo jeusi dhidi ya mbingu, na ulipange hilo tangu mwanzo.

Nikiulizwa wiki za kuchagua, nitataja mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari. Wakati huo jua la adhuhuri hupanda kutoka nyuzi 17 hadi 22 hivi, bado liko chini vya kutosha, na mchana umerefuka kiasi cha kukuwezesha kutembea bila haraka ya kuwahi giza.

Hatua ya pili: ipangie kazi kila hali ya hewa

Usisubiri theluji. Siku nyingi za baridi katika Northumberland, kaunti yenye sehemu ya katikati ya ukuta, ni za manyunyu, upepo na ukungu, na mtu anayeahirisha safari mpaka theluji ianguke anaweza kumaliza majira yote bila kupiga picha hata moja. Theluji yenyewe nayo ina masharti yake. Ikianguka nyingi huyafunika mawe, na gofu hugeuka kuwa mandhari ya theluji tu ambayo ingeweza kupigwa popote. Inayofaa ni ile ya sentimita mbili au tatu, ambayo upepo umeifagia kutoka juu ya matuta na kuiacha kwenye mabonde. Hapo ndipo utakapoona kitu ambacho wakati wa kiangazi hupotea machoni: kusini ya ukuta kuna handaki kubwa lenye matuta pande zote mbili, ambalo wataalamu huliita Vallum, na ambalo lilipochimbwa lilikuwa na upana wa mita 6 na kina cha mita 3 hivi. Leo limejaa udongo na kuota nyasi, lakini theluji nyembamba na jua la chini hulichora upya kama chaki ubaoni. Wanaakiolojia wanaopiga picha kutoka angani hutumia njia hiyo hiyo kugundua mahandaki na misingi isiyoonekana kwa mtu aliyesimama chini.

Mimi binafsi naipendelea sakitu, yaani umande ulioganda, kuliko theluji. Asubuhi ya baridi kali isiyo na upepo, ardhi nzima huwa nyeupe. Jua likishachomoza, pande zinazolitazama huyeyuka kwanza, na weupe hubaki tu penye kivuli. Kwa muda mfupi kila msingi wa jengo huwa na mstari mweupe upande wake wa kaskazini, na mpango wa ngome husomeka wote kwa mtazamo mmoja. Muda huo hauzidi saa moja au mbili, kwa hiyo ni lazima uwe umeshafika kabla ya jua.

Ukungu unafaa kwa picha za ukuta unaopotea mbali, hasa mahali unapopanda na kushuka vilima, kwa sababu huondoa mashamba, nyaya na barabara zilizo nyuma. Mvua hufaa kwa picha za karibu: jiwe la mchanga likilowa hugeuka kutoka kijivu hadi rangi ya asali au kutu, na mimea midogo iliyoota juu yake hung'aa. Siku hiyo usahau mbingu kabisa, elekeza lenzi chini.

Hatua ya tatu: chagua mahali pamoja, na uchague kwa kuuhurumia ukuta

Kando ya ukuta kuna njia ya kitaifa ya kutembea kwa miguu, yenye urefu wa kilomita 135, iliyofunguliwa mwaka 2003. Wasimamizi wake huwaomba watu wasiitembee yote majira ya baridi, kwa sababu udongo uliolowa hukanyagwa ukawa tope, tope husombwa na maji, na chini ya udongo huo kuna mabaki ambayo hayajachimbuliwa. Ombi hilo lina uzito, na mpiga picha anapaswa kulifuata kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa riziki ya picha zake ni gofu hilo hilo. Badala ya kutembea maili nyingi, tenga siku nzima kwa ngome moja. Mkiwa wengi kwenye nyasi, tembeeni bega kwa bega, msifuatane mkondo mmoja, ili msichimbe mfereji kwa nyayo zenu. Usipande juu ya ukuta hata kidogo: maji huingia katika viungo, huganda na kutanuka, mawe hulegea, na uzito wa mtu mmoja wakati huo unatosha kuling'oa jiwe lililokaa karne nyingi.

Kwa safari ya kwanza napendekeza ngome ya Housesteads, ambayo Warumi waliiita Vercovicium na ambamo kilikaa kikosi cha askari wapatao 800. Imejengwa kwenye mteremko unaotazama kusini, kwa hiyo jua la baridi huiangukia yote. Saa na siku za kufunguliwa hupungua majira haya, na mabasi ya kwenda huko hutegemea msimu, hivyo hakikisha ratiba kabla ya kuondoka. Treni ya kati ya Newcastle na Carlisle husimama Hexham, Bardon Mill na Haltwhistle. Picha za kumbukumbu yako mwenyewe hazina tatizo, lakini picha za biashara zinahitaji idhini ya wasimamizi, na droni hairuhusiwi kurushwa bila kibali chao.

Msomaji kutoka Afrika huenda akavutiwa pia na Burgh by Sands, upande wa magharibi karibu na Carlisle. Maandishi ya karne ya 3 yaliyochongwa kwenye jiwe yanataja kikosi cha Wamori, yaani askari kutoka Afrika Kaskazini, kilichokaa katika ngome ya hapo iliyoitwa Aballava. Na kaisari Septimius Severus, aliyeukarabati ukuta na kufia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Magofu yanayoonekana juu ya ardhi ni machache sana hapo, ila kanisa la kijiji limejengwa kwa mawe yaliyochongwa na Warumi, na kuta zake ni picha tosha.

Hatua ya nne: mavazi na mkoba

Vaa nguo za tabaka, ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa kisichonywa jasho, maana pamba ikilowa haikauki upesi na huunyang'anya mwili joto. Koti la nje lizuie upepo kuliko kitu kingine chochote. Viatu viwe na soli yenye meno makali, kwa kuwa ngazi za mawe kwenye miamba ya Peel Crags zimelainishwa na nyayo za watu na zikiganda huteleza vibaya. Kwa mikono, vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, ili ukivua za nje uweze kubonyeza vitufe bila kuacha vidole wazi.

Betri hupoteza nguvu haraka katika baridi. Beba mbili za akiba, uziweke katika mfuko wa ndani ulio karibu na mwili, na ile inayoonekana kuisha uirudishe humo humo. Ikipata joto mara nyingi hufanya kazi tena kwa muda. Simu ni vivyo hivyo: inaweza kuzimika ghafla ikiwa bado na chaji, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwa ramani. Ongeza vitambaa kadhaa vya kufutia lenzi, taa ya kichwani, mfuko wa plastiki unaofungika barabara, na chai ya moto kwenye chupa.

Hatua ya tano: tayarisha kamera

Kosa linaloharibu picha nyingi za theluji ni kuiamini kamera. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe wala cheusi, kwa hiyo kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga na theluji hutoka ya kijivu. Tumia kitufe chenye alama ya +/− na uongeze mwanga kwa hatua moja hadi mbili, kisha uangalie mchoro wa mwanga (histogramu) kwenye skrini: milima yake isogee kulia bila kugonga ukingo. Kwa simu, gusa jiwe kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole juu kuongeza mwanga. Ukungu nao huhitaji ongezeko, ingawa dogo. Siku ya mvua na mawe meusi hali hugeuka, na mara nyingine utalazimika kupunguza.

Hifadhi picha katika mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, ikiwa kamera yako inao. Vivuli juu ya theluji hupokea rangi ya mbingu na kuwa vya buluu. Ni rangi ya kweli, lakini ikizidi picha huonekana kama imepakwa wino, na faili ya RAW hukuruhusu kuisawazisha baadaye bila kuiumiza.

Kwa mandhari na majengo, tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 100 hadi 400 vinatosha. Kama theluji inaanguka, kasi ya 1/250 ya sekunde huonyesha chembe moja moja na 1/30 huzifanya mistari. Zima flashi, kwani itazimulika chembe zilizo karibu na lenzi na kukujazia picha madoa meupe. Usiipulizie lenzi kwa mdomo. Pumzi huganda juu ya kioo. Stendi ya kamera isimamishe kwenye kokoto au nyasi, kamwe si juu ya mawe ya ukuta, na uifungie mkoba wako katikati ili upepo usiiangushe.

Hatua ya sita: piga picha kwa mpangilio wa siku

Anza kwenye lango la mashariki la Housesteads. Kizingiti chake cha mawe kina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na pembeni kuna matundu ambamo vilizunguka vyuma vya milango. Jua la asubuhi hulivuka lango hilo likiwa limelala, na maji yaliyoganda ndani ya mifereji hushika mng'ao wakati jiwe linalozunguka bado limefifia. Piga goti, ishushe kamera hadi karibu sentimita 30 kutoka ardhini, weka fokasi kwenye ukingo wa mfereji wa karibu, na uache sehemu nyingine ya ngome iwe usuli. Subiri wingu jembamba lipite: jua kamili huifanya barafu iwe doa jeupe lisilo na kitu ndani, ilhali mwanga uliochujwa kidogo huonyesha mapovu na mikwaruzo.

Kutoka hapo panda kwenye maghala ya nafaka, karibu na kilele. Sakafu zake zimetoweka, zikabaki safu za nguzo fupi za mawe zilizoinyanyua sakafu ili hewa ipite na nafaka isioze. Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika ngome hii, kwa sababu vivuli vya nguzo huunda safu ya pili na kumweleza mtazamaji kazi ya jengo bila maelezo. Jua likiwa kusini-mashariki vivuli hukatiza kwa mshazari. Likifika kusini huelekea kaskazini moja kwa moja na picha hupoa. Pitia mapema.

Vyoo vya askari viko pembe ya chini kabisa, kusini-mashariki, ambako maji ya mvua ya ngome nzima yalielekezwa kupitia mifereji. Picha moja kutoka juu, inayoonyesha mteremko na vyoo kwa pamoja, ina faida zaidi kuliko nyingi za karibu.

Baada ya adhuhuri tembea magharibi, kwa uangalifu, hadi ngome ndogo nambari 37, ambako sehemu ya tao la lango la kaskazini bado imesimama. Ukiwa na usafiri, malizia Steel Rigg, uone ukuta ukipanda na kushuka miamba kuelekea ziwa dogo la Crag Lough. Hapo katikati pana bonde la Sycamore Gap, lililokuwa na mti wa aina ya sycamore uliopigwa picha sana mpaka ulipokatwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023. Watu wengine husema hakuna tena cha kupiga. Sikubaliani nao: bila mti, jicho hufuata ukuta wenyewe, na kisiki kilichozungushiwa ua ni sehemu ya historia ya mahali hapo. Kipige kama kilivyo.

Weka mtu mmoja katika baadhi ya picha, aliyesimama mbali, kwa sababu sehemu nyingi za ukuta uliobaki ni fupi na bila kipimo mtazamaji hatajua ukubwa wake. Kondoo pia hutoa kipimo, nao hupenda kujikinga na upepo nyuma ya mawe. Usiwafukuze ili wakae vizuri kwenye picha. Majira hayo majike wengi huwa na mimba.

Hatua ya saba: giza na kurudi

Baada ya jua kuzama mwanga wa jioni hudumu kwa takriban dakika 40, mrefu zaidi kuliko ule wa ikweta, na rangi zake za zambarau juu ya theluji ni nzuri mno. Utumie ukiwa karibu na maegesho, si juu ya genge. Eneo hili limo ndani ya hifadhi ya anga la giza iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2013, na usiku ulio wazi unaweza kupiga nyota: lenzi pana iliyofunguliwa f/2.8, sekunde 15 hadi 20, ISO 1600 au zaidi, fokasi ya mkono. Mwambie mtu uliko na saa utakayorudi. Ukipata ajali piga 999, uombe polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Kabla ya kuingia ndani ya gari lenye joto au nyumbani, toa kadi ya kumbukumbu, itie kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge. Hewa yenye joto ikikutana na chuma baridi hufanya umande, na umande huo huingia hadi ndani ya lenzi. Ndani ya mfuko, umande utatua nje ya plastiki. Usiufungue mpaka saa moja au mbili zipite.

Hatua ya nane: kuchambua na kuandika maelezo

Sawazisha mwanga na rangi, nyoosha upeo, na uishie hapo. Usiongeze theluji isiyokuwapo, wala usiurudishe mti uliokatwa. Katika maelezo ya kila picha andika jina la ngome au nambari ya ngome ndogo, upande ulioelekea, tarehe, saa na hali ya hewa. Andika pia ukuta unaouonyesha ni wa namna gani, kwa kuwa sehemu kubwa ya katikati si kama Warumi walivyoiacha: katika karne ya 19 John Clayton, mwanasheria wa Newcastle aliyenunua mashamba ili kuuokoa ukuta, aliwaamuru wafanyakazi wake wayapange upya mawe yaliyoanguka bila chokaa na kufunika kilele kwa nyasi. Mahali ambapo wataalamu wa baadaye waliuimarisha ukuta, utaona chokaa katika viungo na kilele kisicho na nyasi. Ukizipanga picha zako kwa tofauti hiyo, ile ya nyasi upande mmoja na ile ya chokaa upande wa pili, anayezitazama ataweza kuitambua mwenyewe atakapofika.